Draivu ya mota: kasi inavyotawaliwa kwa masafa ya umeme

Mota ya fezi tatu iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi ina kasi moja tu, na mwenye mota hana la kuichagulia. Kasi hiyo huamuliwa na mambo mawili: idadi ya ncha za sumaku zinazotokana na jinsi mota ilivyosukwa, na masafa ya umeme wenyewe, ambayo Afrika Mashariki ni hezi 50. Ukizidisha masafa kwa 120 kisha ukagawanya kwa idadi ya ncha, unapata mizunguko kwa dakika. Mota ya ncha mbili inatoa 3,000, ya ncha nne 1,500, ya ncha sita 1,000. Ncha hazibadiliki ovyo ovyo baada ya mota kutoka kiwandani. Kinachobaki kuchezewa ni masafa, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na draivu, kisanduku kinachokaa kati ya nyaya za gridi na mota.

Kiini cha mambo kiko ndani ya mota. Mwaka 1888 Nikola Tesla na Galileo Ferraris, kila mmoja kivyake, waliweka hadharani kwamba koili zilizopangwa kwa pembe na kupewa mikondo geu inayopishana kwa wakati huzaa uga wa sumaku unaozunguka. Mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky alitengeneza mota ya fezi tatu yenye rota ya kizimba, na umbo hilo ndilo linalotumika viwandani hadi leo. Rota hiyo haipokei waya wowote kutoka nje. Ni fito za alumini au shaba zilizofungwa kwa pete kila upande. Uga unaozunguka ukizikata fito hizo, mkondo unazaliwa ndani yake, nao mkondo huo unaunda sumaku inayovutwa na uga. Rota hulazimika kubaki nyuma kidogo, kwa sababu ikiufikia uga hakuna kinachokatwa, mkondo unakufa na nguvu ya msokoto inapotea. Ndiyo maana kibao cha mota ya ncha nne husoma 1,450 au 1,470 badala ya 1,500. Pengo hilo huitwa mtelezo.

Mota ya aina hii haina brashi za kuchakaa, ni nafuu, na huvumilia vumbi na unyevu kuliko nyingine nyingi. Aliyetaka kasi ya kubadilika zamani alilazimika kutumia mota ya mkondo mnyoofu yenye brashi, au puli na mikanda, au gia, au kuiacha mota ikimbie vile vile huku maji au hewa vikibanwa kwa vali. Njia hii ya mwisho ndiyo inayopoteza umeme mwingi, na bado ni ya kawaida sana.

Kupunguza masafa peke yake hakutoshi, na ni hatari. Nguvu ya sumaku ndani ya mota hufuata uwiano wa volti kwa hezi. Mota ya volti 400 na hezi 50 imeundwa kwa volti 8 kwa kila hezi. Ikipewa hezi 25 bila kupunguziwa volti, chuma chake hushiba sumaku, mkondo unapanda kwa fujo na koili zinaungua. Kwa hiyo draivu hushusha vyote viwili pamoja: hezi 25 kwa volti 200, hezi 10 kwa volti 80. Chini kabisa, karibu na hezi 2 au 3, ukinzani wa waya hula sehemu kubwa ya volti hizo chache, hivyo draivu huongeza volti kidogo ili mota isikwame wakati wa kuanza. Kupita hezi 50 mambo hugeuka. Volti haziwezi kuzidi zinazoingia, basi sumaku inadhoofika kadiri masafa yanavyopanda: kwenye hezi 75 msokoto unaopatikana ni karibu theluthi mbili ya ule wa kawaida, na beringi nazo zinazungushwa kwa kasi kuliko zilivyokusudiwa.

Masafa mapya hupatikana kwa hatua tatu. Kwanza daiodi sita hugeuza umeme wa fezi tatu kuwa mkondo mnyoofu. Volti 400 za gridi zina kilele cha takriban volti 565, na hicho ndicho kiwango kinachokaa katika hatua ya pili, ambapo kapasita kubwa hulainisha mawimbi na kuhifadhi umeme kidogo. Hapo ndipo penye kuua: kapasita hubaki na umeme hata swichi ikizimwa, na kwa kawaida onyo lililobandikwa kwenye draivu humtaka fundi asubiri dakika kadhaa kisha apime kwa mita kabla ya kugusa chochote. Hatua ya tatu ni transista sita zinazowaka na kuzima, kwa kawaida kati ya mara 2,000 na 16,000 kwa sekunde. Hazitoi wimbi laini hata kidogo. Hutoa mapigo ya mraba, kila moja likiwa na volti zote 565 au sifuri, ila upana wa mapigo hubadilishwa: mapana pale wimbi linapotakiwa kuwa juu, membamba pale linapotakiwa kuwa chini. Koili za mota hazikubali mkondo kupanda na kushuka ghafla kiasi hicho, hivyo mkondo unaopita humo hutoka karibu laini. Mlio mwembamba unaosikika mota ikizunguka taratibu unatokana na kuwaka na kuzima kwa transista hizo.

Kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kuuza draivu zilizotengenezwa kwa wingi mwaka 1968. Miaka michache baadaye Felix Blaschke wa Siemens alieleza udhibiti wa vekta, ambao hupima mkondo wa mota na kuutenganisha kwa hesabu kuwa sehemu mbili, moja ya kuunda sumaku na nyingine ya kuzaa msokoto. Kwa pampu na feni, uwiano wa volti kwa hezi unatosha. Kwa winchi na lifti, ambazo lazima zishike mzigo hata zikiwa zimesimama, udhibiti wa vekta ni wa lazima.

Sifa kubwa inayotangazwa na wauzaji ni kuokoa umeme. Kwa kweli kinachookoa umeme ni aina ya mzigo. Katika feni, hewa inayosukumwa hupungua sawa na kasi, shinikizo hupungua kwa kipeo cha pili, na nguvu inayohitajika kwa kipeo cha tatu. Feni inayotaka kilowati 30 kwa kasi kamili itataka takriban kilowati 15 kwa asilimia 80 ya kasi hiyo. Ingezibwa mlango wa hewa badala yake, ingeendelea kuvuta sehemu kubwa ya zile 30.

Viwanda vya chai vya Kericho, Nandi na Mufindi vina mzigo wa namna hiyo hasa. Majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, na feni huyapulizia hewa kutoka chini kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Mwanzoni majani yana maji mengi na yanahitaji hewa nyingi. Baadaye yamelegea, na hewa ileile huyakausha kingo kabla ya wakati. Mota isiyo na draivu husukuma hewa ileile saa ya kwanza na saa ya mwisho, au msimamizi anazima feni na kuiwasha tena. Ikiwekewa draivu, kasi hushushwa hatua kwa hatua. Chai hunyauka sawasawa, na bili ya umeme hushuka kwa kipeo cha tatu kilichotajwa. Ni vigumu kupata kazi inayokifaa kifaa hiki kuliko hiyo.

Pampu ya kisima ni hadithi nyingine. Tuseme maji yanapandishwa mita 60 wima, na pampu ikifungiwa vali kwa kasi kamili ina uwezo wa kufikisha mita 80. Kasi ikishushwa hadi asilimia 80, uwezo huo unakuwa asilimia 64 ya mita 80, yaani mita 51. Hakuna tone litakalotoka, na mota itaendelea kuzunguka ndani ya maji yanayopata moto. Anayeahidi akiba ya kipeo cha tatu kwa pampu ya namna hii ama hajapiga hesabu, ama ameipiga akanyamaza. Konveya na mashine za kusaga zina sheria yake pia: msokoto unaotakiwa ni karibu uleule kwa kila kasi, hivyo nguvu hupungua sawa na kasi, si zaidi.

Faida isiyobishaniwa ni ya kuwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita hadi nane ya mkondo wake wa kawaida. Staa-delta, yaani kuifunga mota kwa staa wakati wa kuwasha kisha kuihamishia delta, hushusha mkondo huo hadi theluthi moja, lakini msokoto nao hushuka hadi theluthi, na mzigo mzito haunyanyuki. Draivu huanza na masafa madogo, hivyo mtelezo hauwi mkubwa, na mota hupata msokoto wake kamili bila mkondo kuzidi sana kiwango cha kibao. Jenereta ndogo inaweza kuwasha mota ambayo kwa njia ya kawaida ingeizima. Pampu nayo husimama taratibu, na maji yaliyo kwenye bomba refu hayarudi ghafla kugonga vali.

Madhara yapo, na mengi huonekana miezi kadhaa baada ya ununuzi. Daiodi za mwanzo huvuta mkondo kwa vipande, jambo linaloingiza kwenye gridi hamoniki za hezi 250, 350 na kuendelea, ambazo hupasha joto transfoma na kuharibu kapasita za kurekebisha kipengele cha nguvu. Choki mbele ya draivu hupunguza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Upande wa mota, mapigo yenye kingo kali yakipita kwenye kebo ndefu hurudi kama mwangwi, na volti kwenye vichwa vya mota zinaweza kukaribia mara mbili ya zile zilizotumwa. Mota iliyosukwa upya kwa waya hafifu na vanishi isiyokauka vizuri huungua hapo kwanza, na lawama humwangukia fundi ingawa kebo ndiyo iliyozidi urefu. Mapigo hayohayo huzaa mkondo mdogo unaopita kwenye shafti na kuruka ndani ya beringi, ukichora mistari kwenye njia za gololi mpaka beringi inaanza kulia. Dawa yake ni kebo yenye ngao iliyofungwa ardhini pande zote mbili, na kwa mota kubwa beringi moja yenye kihami. Tatizo la joto ni rahisi kuliko yote na husahaulika: feni ya kupoza mota imefungwa kwenye shafti yake. Mota inayobeba mzigo kamili kwa hezi 15 haipati upepo wa kutosha, na inahitaji feni ya pembeni yenye mota yake.

Draivu yenyewe pia hupozwa kwa hewa, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kanuni ya kawaida ya watengenezaji ni kuondoa asilimia 1 ya uwezo kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000. Jijini Nairobi, palipo karibu mita 1,800, hiyo ni asilimia 8. Kericho, penye takriban mita 2,000, ni asilimia 10. Dar es Salaam na Mombasa mwinuko si tatizo, ila kuna joto na chumvi ya baharini. Vumbi la unga au la majani ya chai likiziba mapezi ya kupozea, hesabu zote hizo hazina maana.

Kwa vijiji vyenye umeme wa fezi moja, kuna draivu ndogo zinazopokea volti 230 na kutoa fezi tatu. Kwa kuwa haziwezi kutoa volti zaidi ya zinazopokea, mota lazima iwe na kibao cha 230/400 na ifungwe kwa delta. Ikiachwa kwenye staa itazunguka bila nguvu. Nyingi za aina hii huishia kilowati 2 au 3, zinazotosha msumeno wa seremala au pampu ndogo, si mashine kubwa ya kusaga mahindi.

Draivu za jua huingilia hatua ya kati: paneli hutoa mkondo mnyoofu tayari, nao hupelekwa moja kwa moja kwenye kapasita. Betri haihitajiki. Kasi ya pampu hufuata jua, na tangi ndilo linalohifadhi. La kuangaliwa ni jumla ya volti za paneli zilizofungwa kwa mfululizo, hasa asubuhi ya baridi zinapopanda kuliko kawaida, zisizidi kikomo cha draivu.

Kila draivu hula kati ya asilimia 2 na 4 ya umeme unaoipitia na kuugeuza joto. Mota inayozunguka kwa kasi kamili na mzigo kamili toka asubuhi hadi jioni haiokoi kitu ikiwekewa draivu. Inaongezewa hasara hiyo. Kama haina shida ya kuwashwa, kontakta na staa-delta vinaitosha. Kabla ya kununua, mwenye kiwanda apime mkondo wa mota kwa siku kadhaa, saa kwa saa, na kuandika ni muda gani mzigo ulihitaji kasi pungufu. Kama muda huo ni mfupi, fedha hiyo inunulie mota bora.