Andiko la Kununua Halivuki Ruvuma

"Mwalimu, nimesikia kuna fedha za vijana na amani mpakani. Andiko zuri nitalipata wapi?"

Swali hili hunifikia kutoka Newala na Masasi kila mara tangazo la ruzuku linapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wengi wanaoliuliza huwa wameshatoa fedha. Wa mwisho alimlipa mtu wa steshenari shilingi laki tatu, michango ya kikundi kizima. Alipewa kurasa 32 zenye jalada la plastiki, akanitumia nizipitie. Nilizisoma hadi mwisho, na bado zinanikera.

Ukurasa wa 7 unaahidi kuwafikia "vijana wavuvi wa Newala". Newala iko juu ya uwanda wa Wamakonde, mahali ambapo hata maji ya kunywa hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Ukurasa wa 11 unaeleza ugomvi kati ya wenyeji na "wakimbizi wa kambini". Kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu, ziko Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Ukurasa wa 20 unapanga warsha ya siku tano katikati ya Novemba. Novemba! Mtu yeyote wa Masasi anajua vijana wako wapi mwezi huo: wako mikoroshoni wanaokota, wanapeleka magunia ghalani kwenye chama cha msingi, wanasubiri mnada. Aliyeandika andiko lile hajawahi kula msimu wa korosho na watu hao. Amechukua karatasi ya mpaka wa Burundi, akafuta Kasulu, akaandika Newala.

Imani inayowafanya vijana wanunue karatasi hizo ni kwamba fedha hufuata maneno. Weka vijana, weka jinsia, weka mpaka, weka itikadi kali, na mfadhili atafungua mkoba. Najua imani hiyo ilikotoka. Mashambulizi ya wapiganaji wenye itikadi kali yalianza Mocímboa da Praia, jimboni Cabo Delgado nchini Msumbiji, Oktoba 2017, na Oktoba 2020 yakafika upande wetu, katika kijiji cha Kitaya, ukingoni mwa mto Ruvuma. Ghafla kusini kulikokuwa hakutajwi kukaanza kutajwa katika kila mkutano wa wafadhili. Kabla ya hapo, Desemba 2015, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 2250 kuhusu vijana, amani na usalama, na maneno yake yamejaa kwenye matangazo ya ruzuku hadi leo. Basi watu wakadhani maneno ndiyo ufunguo.

Nimekaa kwenye meza za kuhakiki maombi, na naomba nieleweke. Mhakiki haanzi na utangulizi wako. Maneno ya utangulizi ameyasoma asubuhi hiyo hiyo katika maombi mengine ishirini, mara nyingine hadi nukta na mkato. Anaanzia nyuma: hati ya usajili, hesabu za miaka iliyopita, bajeti, barua ya mshirika. Vikipita hivyo ndipo anarudi mbele na swali moja: hapa nani anagombana na nani, kwa sababu gani?

Kwa Masasi swali hilo lina majibu yenye tarehe. Januari 2013 ugomvi wa madereva wa bodaboda na polisi uliishia kwa majengo ya umma kuchomwa moto na watu kupoteza maisha. Vijana waliokuwa barabarani siku ile leo ni wazazi, na baadhi bado wako kijiweni. Andiko la amani la Masasi lisiloujua mwaka 2013 limeandikwa na mgeni. Kwa Newala na Tandahimba, zungumzia korosho: kangomba anayenunua mzigo kwa kipimo chake kabla ya mnada, malipo yanayochelewa, mipaka ya mashamba ya urithi, kijana asiye na mkorosho hata mmoja anayemwona mwenzake akinunua pikipiki mpya kila msimu. Novemba 2018 serikali ilipoamua kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuisomba, kila nyumba ya uwanda ule ilikuwa na la kusema. Katika kurasa zile 32, neno korosho halimo hata mara moja.

Halafu kuna huo mpaka wenyewe. Mradi wa kuvuka mpaka unahitaji mtu wa ng'ambo, mwenye jina, ofisi na usajili wa Msumbiji. Kati ya Newala na Mueda kuna undugu wa damu, na Kimakonde kinavuka Ruvuma bila kibali. Lakini ripoti ya mshirika wako itaandikwa kwa Kireno, akaunti yake itakuwa ya metikali, na mkaguzi wa hesabu hatapokea undugu kama kielelezo. Andiko la laki tatu linasema: "Mshirika wa Msumbiji atatafutwa baada ya fedha kupatikana." Sentensi hiyo peke yake inatosha kuliweka kando. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, linapitika tangu 2010. Anayetaka kujenga amani na watu wa Cabo Delgado angekuwa ameshapanda basi akaenda kuonana nao.

Kinachoniumiza zaidi ni pale karatasi kama hiyo inapopita. Kikundi kimoja nilichokijua kilipata ruzuku kwa andiko la kununuliwa, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyekuwa amelisoma lote. Walikuta wameahidi vijana 200 kwenye vijiji ambavyo hawajawahi kufika, na viashiria wasivyojua kuvipima. Walitembeza karatasi za mahudhurio zikasainiwa bila mafunzo. Mfadhili alipokuja kukagua, mhasibu aliondoka mjini, fedha zikadaiwa, na vijana walioahidiwa mitaji wakabaki na chuki mpya juu ya ile waliyokuwa nayo. Wale waliokuja kupatanisha ndio waliowaachia ugomvi.

Na anayekutoza "ada ya kufungulia ruzuku" ni tapeli. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kuomba. Mripoti polisi.

Sasa, njia zilizopo, haraka haraka. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Kujenga Amani, ulioanzishwa 2006, kwa kawaida hupitisha fedha kwenye mashirika ya Umoja huo, na asasi zinapopewa nafasi hutazamwa hesabu zilizokaguliwa. Kikundi cha watu kumi na watano cha Kitangari, kule Newala, kisipoteze usiku hapo. Kinachokifaa ni ruzuku ndogo kupitia asasi kubwa iliyoshinda, au ruzuku za ndani kama za Foundation for Civil Society zinapotangazwa. Tangu USAID ilipofungwa mwaka 2025 asasi kubwa nazo zimebanwa, kwa hiyo omba kidogo mnachoweza kukitolea hesabu. Kama mnachotaka ni mtaji, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii mkaulizie asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: nne za vijana, nne za wanawake, mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Ni mkopo usio na riba, na unarudishwa. Kama mnataka kuwa asasi, sajilini kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya sheria ya 2002. Cheti cha kikundi cha halmashauri hakitoshi. Pelekeni taarifa ya mwaka kila mwaka. Mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka uwasilishwe kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja. Mwoneni Mkuu wa Wilaya kabla ya kuitisha kikao chochote karibu na mto, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama.

Yule kijana wa kurasa 32 nilimwomba aniletee kitu kingine: daftari la kikundi. Alisita, akidhani ni aibu. Lilikuwa limechakaa, lina mihtasari ya miezi kumi na minne, michango ya shilingi elfu mbili mbili, na ukurasa mmoja unaoeleza jinsi walivyosuluhisha ugomvi wa wapakiaji wa korosho na bodaboda getini pa ghala, majina na tarehe zote zipo. Nilimwambia aanze kuandika kutoka hapo. Wiki ijayo atakwenda Mtambaswala.