Fahamu: Tanzia ya jukwaani inavyogeuka filamu

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inabeba Vita vya Majimaji, vya kuwapinga Wajerumani, kwa maneno ya wahusika. Jukwaani hayo yanatosha. Kwenye filamu, kamera ndiyo msimulizi. Hivyo anayeigeuza filamu apunguze hotuba, aonyeshe ardhi yenyewe: mathalani Lupiro, njiani kutoka Ifakara kwenda Mahenge, ambako boma la Wajerumani lilishambuliwa Agosti 1905.

Wapo watakaosema kupunguza maneno ni kumsaliti mwandishi. Hoja hiyo ina uzito, lakini mwongozaji wa filamu Akira Kurosawa aliihamishia tamthilia ya Macbeth Japani mwaka 1957, akayaacha maneno ya Shakespeare, na tanzia ikabaki nzima. Cha kulindwa ni mgongano wa ndani: mhusika mkuu, Kinjeketile, anakataa kuyakana maji yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, hata akiwa kifungoni. Watayarishaji wetu, anzieni hapo.