Somo la Redio: Chumvi Iliyo Majini na Kutu ya Mabati

Wewe ukaaye pwani umeona mabati ya nyumba yakiliwa na kutu upesi kuliko ya bara. Hukuyamwagia maji ya bahari. Basi chumvi imeyafikiaje?

Lita moja ya maji ya bahari ina kadiri ya gramu 35 za chumvi. Huioni, kwa kuwa imegawanyika kuwa chembe ndogo mno zenye umeme, ziitwazo ioni. Nyingi ni za sodiamu na kloridi. Kila ioni huvuta maji yaizunguke pande zote. Lakini pale juu kabisa, maji yanapokutana na hewa, hakuna maji ya kuifunika. Kwa hiyo ioni nyingi za chumvi hukaa chini kidogo ya uso wa maji.

Jua likipiga, maji hupanda kuwa mvuke, ioni hubaki. Ndivyo wavunavyo chumvi Gongoni, kaskazini ya Malindi: maji ya bahari hutiwa mabwawani, jua huyakausha, chumvi hubaki.

Jaribu nyumbani. Chemsha maji ya chumvi polepole, sufuria isijae, nawe ufunike. Acha kifuniko kipoe, kisha onja matone yaliyo chini yake. Hayana chumvi. Lakini maji yakichemka kwa nguvu hata yakaruka, utaonja chumvi. Hiyo ndiyo siri ya bati lako.

Wimbi likivunjika hufanya mapovu. Kila povu lipasukapo hurusha vitone hewani, na katika kitone maji na ioni huenda pamoja. Upepo huvichukua mpaka juu ya nyumba. Maji hukauka, chumvi hubaki. Usiku chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, bati hulowa, nazo ioni za kloridi husaidia kula zinki iliyopakwa juu yake, kisha chuma chenyewe.

Mvua huosha juu ya paa. Haifiki chini ya upenu, na huko kutu huanza kwa siri. Basi osha mahali hapo kwa maji matamu, likauke, ukapake rangi kabla bati halijatoboka.

Andika majibu katika daftari:
1. Kwa nini mvuke hauna chumvi?
2. Chumvi hufikaje juu ya bati?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.