Kabla Hujatuma Pesa: Jinsi ya Kununua Besi ya Zamani Bila Kulizwa

Tuseme bendi ya kanisa lenu imechanga kwa miezi minane na sasa kuna shilingi 90,000 kwa simu ya mweka hazina. Halafu mpiga besi anaona tangazo: "Fender Jazz Bass, original, ya 1978, shida za pesa zinafanya niuze. Watu watatu wanaitaka. Tuma deposit ya elfu kumi nikuwekee."

Picha ni safi. Bei ni nzuri, pengine nzuri kupita kiasi. Na muuzaji anakuharakisha.

Hapa ndipo wateja wengi hupoteza pesa, iwe ni gitaa, simu au pikipiki. Leo tuchukue besi kama mfano, kwa sababu thamani ya ala ya zamani hutegemea umri na vipande vyake, na vyote viwili ni rahisi kudanganya.

Kwa nini besi kuukuu iwe ghali kuliko mpya?

Fender walianza kuuza Precision Bass mwaka wa 1951, na Jazz Bass ikafuata 1960. Besi za miaka hiyo ya mwanzo hutafutwa sana na wanamuziki na wakusanyaji dunia nzima. Lakini bei hiyo ni ya besi ambayo vipande vyake ni vile ilivyotoka navyo kiwandani. Ukibadilisha shingo, pikapu au rangi, thamani inashuka sana, hata kama bado inalia vizuri.

Kwa hivyo jiulize kwanza: unanunua ala ya kupiga Jumapili, ama unanunua historia? Kama ni ya kupiga tu, besi iliyobadilishwa vipande inaweza kukufaa kabisa. Ila usilipe bei ya historia.

Soma umri wake mwenyewe

Usitegemee maneno ya muuzaji. Angalia haya:

- Nambari ya usajili. Kuanzia 1976, Fender za Marekani zilianza kuwekwa nambari kwenye kichwa cha gitaa. Herufi S huashiria miaka ya sabini, E ya themanini, na N ya tisini. S ikifuatwa na 8 inaelekeza kwenye 1978 au karibu na hapo. Kabla ya 1976 nambari ilikuwa kwenye bamba la chuma nyuma, mahali shingo inapofungwa. Bamba linaweza kuhamishwa kwa bisibisi tu, kwa hivyo nambari peke yake haitoshi.
- Mahali ilipotengenezwa. Fender walianza kutengeneza magitaa Japani mwaka wa 1982. Mtu akikuambia besi yake ya Japani ni ya 1975, maelezo hayo hayasimami.
- Ndani ya saketi. Vifaa vinavyozungushwa kuongeza sauti huwa na nambari mgongoni. Tarakimu tatu za kwanza ni za kiwanda (137 ni CTS, 304 ni Stackpole), na mwishoni ni mwaka na wiki. Kwa mfano, 1377633 ni CTS, mwaka wa 1976, wiki ya 33. Kifaa kikiwa kipya kuliko mwaka unaodaiwa, ama kimebadilishwa ama umedanganywa. Angalia pia solda: ikiwa inang'aa kama ya jana, uliza nani aliifungua na kwa nini.

Muuzaji mkweli hatakataa fundi afungue kifuniko mbele yake. Akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.

Ikague ukiwa na amplifaya

Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha uangalie katikati. Nafasi ndogo ni sawa. Ikiwa ni kubwa, shingo imepinda. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha. Mwombe fundi aijaribu taratibu, kwa sababu fimbo iliyokwama au kukatika ni matengenezo ya gharama.

Piga kila freti kwa kila uzi, ukisikiliza mlio wa kukwaruza. Zungusha vidhibiti vyote. Chomoa na uchomeke waya. Beba besi begani dakika kumi pia, maana nyingine ni nzito na ibada ni ndefu.

Sasa, pesa

1. Hakuna deposit kabla ya kuiona. "Kuna mwingine anakuja" ni maneno ya kukufanya usifikirie. Kama ni kweli, acha huyo mwingine ainunue.
2. Kutaneni mchana, mahali penye watu na umeme: kanisani, studio ya kurekodi, au duka la ala. Nenda na mwenzako.
3. Kama muuzaji yuko mbali, tafuta mwanamuziki wa mji huo aikague kwa niaba yako. Lipa baada ya yeye kuishika, si baada ya kutumiwa picha ya risiti ya basi.
4. Linganisha majina. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini na ulilinganishe na kitambulisho chake. Akisema "tuma kwa laini ya shemeji yangu", simama hapo.
5. Andikeni makubaliano. Majina, nambari za vitambulisho, nambari ya besi, bei, na kodi ya muamala. Wote mtie sahihi. Besi ikija kudaiwa kuwa ya wizi, karatasi hiyo na ujumbe wetu wa malipo vitaonyesha ulinunua kwa nani. Kumbuka kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai.

Nawe muuzaji, usiachilie gitaa kwa sababu umeonyeshwa SMS. SMS huigizwa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Tunachoweza na tusichoweza kufanya

Tuseme ukweli. Ukikosea nambari, tupigie mara moja. Pesa zikiwa bado hazijatolewa, kuna njia ya kufuatilia. Lakini ukituma kwa hiari yako kwa mtu uliyemkusudia, kisha ugundue besi ni bandia, hatuwezi kuzichukua tu kutoka kwake. Huo ni mgogoro wa biashara, au ni ulaghai. Ripoti kituo cha polisi, upate nambari ya OB, na uhifadhi ujumbe wote. Polisi wakituandikia rasmi, tutashirikiana nao.

Ndiyo maana tunasema kazi kubwa hufanyika kabla ya PIN. Zile shilingi 90,000 ni sadaka, harambee na mifuko ya vijana. Mpe fundi wa magitaa kitu kidogo aende nawe. Na siku mtakapoipata besi yenyewe, jina likawiana, shingo ikanyooka na nambari zikakubaliana, basi tuma bila wasiwasi, na Jumapili tuisikie.