Mgombea Mwenza ni Amana

Huku Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, kama ilivyo kwenye mabaraza yetu ya Pwani, watu wameanza kubashiri: mwaka 2027 wawaniaji wa urais watawateua nani kuwa wagombea wenza? Kila jina litajwapo, huulizwa kwanza kabila lake na kura atakazoleta.

Sisi twaona swali hilo ni pungufu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 146, yasema kiti cha Rais kikibaki wazi, Naibu hukikalia kwa muda uliosalia. Na Naibu hapigiwi kura ya peke yake. Amchaguaye mmoja amewachagua wote wawili.

Jirani zetu wa Tanzania wameyaona hayo. Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, aliteuliwa mgombea mwenza mwaka 2015. Rais Magufuli alipofariki Machi 17, 2021, yeye aliapishwa siku ya pili yake kupita, Machi 19, pasi na uchaguzi mwingine.

Basi, enyi mama na mabinti, jina litakapotajwa nyumbani, tusiulize atokako tu. Tuulize: lau kesho angeamka ni Rais, twamwamini juu ya watoto wetu? Uongozi ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa.