Chuma cha mtoni hufikaje baharini?

Chuma kingi kinachobebwa na mito huzama pale maji baridi yanapokutana na maji ya chumvi. Kinachonusurika hutegemea mabaki ya mimea yaliyooza.

Wasikilizaji wetu mlioko Spånga, kaskazini-magharibi mwa jiji la Stockholm, bila shaka mnaufahamu mto mdogo wa Bällstaån. Maji yake huingia katika ziwa Mälaren, na ya ziwa hilo hupita katikati ya jiji na kumiminika katika Bahari ya Baltiki.

Katika maji yenye oksijeni, chuma hugeuka kutu upesi na kutuama. Lakini misitu na vinamasi vya Sweden hutia mitoni mboji, ambayo huyapa maji rangi ya chai. Molekuli za mboji hukishika chuma na kukifanya kielee.

Chembe hizo zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo husukumana. Zikikutana na chumvi, nguvu ya kusukumana hufifia. Huganda, mfano wa maziwa yatiwapo ndimu, kisha huzama. Katika baadhi ya mito, zaidi ya asilimia 90 ya chuma hupotea kwa njia hiyo. Kinachosalia ni kile kilichoshikwa kwa nguvu zaidi, nacho ndicho kinachoweza kulisha mwani wa baharini.

Jambo hili lina uzito wake. Tangu miaka ya 1970, chuma na mboji vimeongezeka katika mito mingi ya Sweden. Wataalamu wanataja kupungua kwa mvua ya tindikali, kupanuka kwa misitu ya misonobari na mabadiliko ya hali ya hewa. Nako Baltiki, kila majira ya joto, huchanua sayanobakteria, ambao baadhi yao wana sumu inayodhuru waogaji na mbwa. Chakula chao kikuu ni fosforasi, lakini bila chuma hawawezi kuitumia naitrojeni ya hewani.

Kanuni ni ile ile Rufiji inapokutana na Bahari ya Hindi, ambako majani ya mikoko huozea majini. Kwa hiyo, anayefyeka mikoko haondoi miti peke yake. Huenda anagusa pia chakula cha mwani, na mwani ndio mwanzo wa chakula cha samaki.