Nani Anamlipa Kiongozi wa Watalii?

Meli ya watalii inapofunga gati Kilindini asubuhi, haichukui muda mabasi yakaanza kujipanga karibu na Ngomeni, kwenye ngome kongwe ya Mji wa Kale wa Mombasa, na makundi ya watu thelathini, arubaini, wenye vibandiko vya nambari vifuani, yakashuka kumfuata kijana aliyeinua kibao juu. Wakazi wa Makadara, Kibokoni na Kuze wamelizoea jambo hili kiasi kwamba hawageuzi hata shingo. Kundi huingia Ngomeni, hutoka, hupita Ndia Kuu, husimama mlangoni mwa duka la vinyago, huingia, hukaa, kisha hurudi basini. Jioni meli inaondoka. Baadaye wasafiri hao wakieleza walichokiona Mombasa, wapo wanaosimulia kwa furaha, na wapo wanaosema walikokotwa madukani. Hawa wa pili humlaumu kiongozi: hakujua historia, alikuwa na haraka, alitaka pesa tu. Wengine huulaumu mji wenyewe kwamba umechakaa. Kwa maoni yangu lawama zote mbili zimebisha hodi mlango usio wao. Anachokiona mtalii wa kundi katika Mji wa Kale huamuliwa kabla hajapanda meli, na kinachokiamua kuliko yote ni namna kiongozi wake anavyolipwa.

Safari ya kundi si jambo la jana. Thomas Cook alipowapakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester kwenda Loughborough mwezi Julai 1841, aliuza wazo jepesi: bei moja, ilipwe mbele, na taabu za njia abebe mtu mwingine. Wazo hilo ndilo lililozileta ndege za kukodi kutoka Ujerumani na Uswisi hadi pwani ya Kenya katika miaka ya 1970, na ndilo linalouza hadi leo ziara za mbugani, za kupanda milima na za kutembea mijini. Nasi pwani tulikuwa na utaratibu wetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kuelekea bara ilikuwa na kirongozi aliyetangulia mbele, aliyejua njia, maji na wenyeji wa kila kituo, na ujira wake ulipatanwa kabla ya kuondoka. Riziki yake haikutegemea nani katika msafara atanunua nini njiani. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini athari zake ni kubwa.

Tutazame jinsi pesa inavyoshuka. Msafiri hununua matembezi ya nusu siku kwa kampuni ya meli au kwa wakala wa kwao. Kampuni hiyo huikabidhi kazi kampuni ya Nairobi au ya Mombasa kwa bei iliyokwisha kukatwa, na hii ya hapa hutafuta basi, dereva, tiketi za Ngomeni na kiongozi. Kila mkono unaoipokea kazi huondoa chake, na aliye mwisho wa foleni ni kiongozi. Mara nyingi hubakiwa na ujira mdogo, bakshishi ya wageni wakipenda kutoa, na kamisheni ya duka. Katika hivyo vitatu, kamisheni ndiyo pekee anayoweza kuikuza kwa juhudi zake mwenyewe. Si lazima awe mtu mbaya. Mtu yeyote mwenye kodi ya nyumba na watoto shuleni, akipangiwa malipo hivyo, ataipeleka miguu ya wageni wake dukani, na ataondoa dakika mahali pengine ili zitoshe huko.

Dakika hizo huondolewa wapi? Huondolewa penye habari inayotaka utulivu. Mfano ni ngome yenyewe. Kila kundi huambiwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba mchoro wake ulikuwa wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698, kwamba Waingereza waliifanya gereza, na kwamba UNESCO iliiorodhesha mwaka 2011. Yote ni kweli, na yote yaweza kusemwa kwa dakika tano huku watu wakipiga picha mizinga. Kinachokosekana ni kile kinachomfanya mtu aione ngome kwa jicho jipya. Uzingiraji ulioanza Machi 1696 ulidumu karibu miaka mitatu, na ndani ya muda huo maradhi yaliwafyeka Wareno hadi ikafika wakati ulinzi wa kuta ukabaki mikononi mwa Waswahili kutoka Faza, chini ya Bwana Daud, waliokuwa upande wa Wareno dhidi ya Waomani na dhidi ya Waswahili wenzao wa Mombasa. Anayelisikia hilo hawezi tena kuondoka na hadithi rahisi ya Wazungu upande huu na Waarabu upande ule. Ataanza kuuliza Faza ni wapi, ugomvi wa Pate na Faza ulikuwa wa nini, na kwa nini mji mmoja wa pwani ulimwogopa jirani yake kuliko mgeni kutoka Lisbon. Lakini maswali hayo yanakula nusu saa, na nusu saa ni duka moja.

Hali ni hiyo hiyo mitaani. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa mwaka 1570 hivi, una mnara mnene unaochongoka kuelekea juu, usiofanana na minara ya kisasa, na kando yake kuna kisima. Roshani za mbao za Ndia Kuu zimebeba kazi ya mikono ya mafundi wa Kihindi na wa Kiswahili, na ukisimama chini ya mojawapo ukatazama juu utaona jinsi vikono vya mbao vinavyoshikilia uzito wote bila nguzo. Muuza kahawa na mdila wake, makaa yakiwaka chini, hugonganisha vikombe ili asikike kabla ya kuonekana. Haya hayana kamisheni, kwa hiyo kundi huyapita kwa mwendo.

Nchi nyingine zimelipitia tatizo hili, na uzoefu wao unatufaa. Uchina ilipitisha sheria ya utalii iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013, na kifungu chake cha 35 kinakataza kampuni kuwavuta wateja kwa bei ya chini isiyo na mantiki kisha kujifidia kwa kamisheni za maduka. Thailand nayo ilizisaka mwaka 2016 kampuni zilizouza ziara kwa karibu bure na kuwafungia wageni madukani. Bei za ziara zilipanda, naam, kwa sababu kwa mara ya kwanza zilionyesha gharama ya kweli. Karibu na kwetu, wanaokwenda kuwaona sokwe wa milimani Rwanda na Uganda huenda watu wanane tu kwa familia moja ya sokwe, kwa saa moja, wakiongozwa na askari-waongozaji walioajiriwa na mamlaka ya hifadhi. Rwanda imetoza dola 1,500 kwa kibali tangu 2017, na bado watu huenda. Kinyume chake ni Kilimanjaro, ambako kwa miaka mingi kampuni zimeshindana kwa bei kwa kupunguza siku za kupanda na ujira wa wapagazi. Mwili hauzoei mita 5,895 kwa pupa, na wengi waliouziwa safari fupi hurudi chini kabla ya kilele, wakiumwa kichwa na kutapika. Rahisi huvunja upishi.

Najua hoja ya kwanza nitakayojibiwa nayo, na ina uzito: kamisheni ndiyo inayowalisha vijana, ukiiondoa umeondoa ugali mezani. Lakini kamisheni haitoki mfukoni mwa mwenye duka; imo ndani ya bei ya kinyago, na mgeni ndiye anayeilipa. Kwa hiyo pesa ya kumlipa kiongozi ipo tayari, ila inapitia njia inayomfanya mgeni ahisi ametegwa. Tena njia hiyo humbebesha kiongozi hasara yote. Siku ambayo wageni hawakununua, amefanya kazi bure. Mei 2014, mashirika ya utalii ya Uingereza yalipowaondoa mamia ya wateja wao pwani baada ya onyo la serikali yao, na tena mwaka 2020 viwanja vya ndege vilipofungwa, waliokuwa na ajira walau walikuwa na barua ya kudai kitu. Wa kamisheni hawakuwa na pa kuanzia. Wala kamisheni haiwatendei haki wafanyabiashara wote. Mshonaji kofia wa Kibokoni asiyeweza kumpa kiongozi sehemu kubwa ya bei hapitiwi na mtu, hata kama kazi yake ni bora kuliko ile ya dukani.

Sisemi watalii wasinunue. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kununua ni sehemu ya kupona huko. Pale Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba ambao makundi yamekuwa yakipelekwa kwa miaka mingi. Huko mgeni humwona mchongaji ameketi kivulini, tezo mkononi, gogo kati ya miguu, vipande vya mbao vimemfunika hadi vifundoni, na twiga anaanza kutokea shingo. Akinunua baadaye, anajua alichokilipia. Hapo duka ni mwendelezo wa ziara, na hakuna haja ya kumhonga mtu ili awafikishe wageni.

Hoja ya pili hutoka kwa wanaodharau makundi kabisa, wanaosema msafiri wa kweli hutembea peke yake na simu yake. Hao nao wanakosea, na ushahidi uko katika nyumba nyingi za Mji wa Kale. Watu wa hapa ni wasafiri wa makundi tangu enzi za jahazi: Hija na Umra ni safari za ng'ambo zenye kiongozi, ratiba na bei ya pamoja. Miezi kabla ya kuondoka huwa kuna darsa za manasik misikitini, mzee anafundishwa atakachokifanya Mina, Arafa na Muzdalifa, na ustadhi anayefundisha mara nyingi ndiye anayesafiri na kundi. Malalamiko yapo huko pia, hasa ya hoteli zilizoahidiwa kuwa karibu na Haram zikaonekana mbali. Hata hivyo mahujaji hurudi wakijua walikokwenda, kwa sababu kundi liliandaliwa na kiongozi wake hana duka la kulifikia kabla ya saa sita. Kundi linaweza kumzamisha mtu katika mahali kuliko upweke, likiwa na mwalimu.

Hoja inayobaki ni ya usalama: kwamba kundi kubwa ndilo salama, na kuligawa ni kuwaacha wageni mikononi mwa bichi boi na wezi wa simu. Ukweli ni kwamba kiongozi mmoja hawezi kuwatazama watu arubaini katika uchochoro ambao mkokoteni ukipita wote hubana ukutani. Wa nyuma hawasikii, huchelewa, hubaki peke yao. Venice, mji wenye vichochoro kama vyetu na umati mara nyingi zaidi, ilizuia mwaka 2024 makundi ya zaidi ya watu 25 na vipaza sauti vya viongozi. Kundi dogo pia ni nafuu kwa wenyeji. Watu arubaini wakisimama mbele ya baraza hawapigi picha mlango tu. Hupiga picha mama aliyefungua dirisha na mtoto anayetoka madrasa, na huziba njia ya anayewahi sala ya adhuhuri. Mkazi aliyechoshwa hajibu salamu, na mgeni asiyejibiwa salamu huandika kwamba watu wa Mombasa wamekunja nyuso.

Mitihani ya viongozi si suluhisho peke yake. Chama cha viongozi wa safari nchini, KPSGA, kimekuwa kikitoa daraja za shaba, fedha na dhahabu tangu miaka ya 1990, na kimeinua sana kazi ya mbugani. Lakini mtu mwenye dhahabu akilipwa kwa kamisheni, ujuzi wake utaishia kifuani.

Pa kuanzia papo, napo ni lango la Ngomeni. Karibu makundi yote hupita pale, na Makumbusho ya Taifa hutoza ada ya kuingia pale kila siku. Tiketi ya kundi iongezwe ada ya kiongozi wa Mji wa Kale, ilipwe moja kwa moja kwake kutoka kwenye orodha ya waliofanyiwa usaili na makumbusho pamoja na wazee wa mitaa, kwa kiwango kilichobandikwa ukutani kwa lugha tatu. Kundi lisizidi watu kumi na watano kwa kiongozi mmoja. Bakshishi iendelee, duka liendelee, ila anayepokea ada hiyo akipatikana na kamisheni, jina lake litolewe orodhani kwa msimu mzima. Kampuni zitanung'unika kuhusu bei, na zina haki ya kupewa muda, kwa kuwa huchapisha bei zao mwaka mmoja mbele. Meli huanza kuja kwa wingi mwishoni mwa mwaka na kupungua masika yakikaribia. Ada hiyo basi itangazwe mwezi Aprili, msimu mmoja kabla ya kuanza kutozwa, na itangazwe kwa mawakala wa meli kabla ya mtu mwingine yeyote.